Vidole Viwili Shavuni

Tulipomzika Bi Mwanaisha mwezi uliopita nilikaa msibani siku tatu, kwenye mkeka mmoja na wanawake wawili ambao zamani niliwafundisha kusoma. Mmoja sasa ana mtoto wa jicho, mwingine miwani yake ilivunjika tangu Ramadhani na hakuna aliyekumbuka kumtengenezea, kwa hiyo kusoma kwenyewe siku hizi tunasomewa na wajukuu. Siku ya pili mjukuu wa marehemu, binti wa chuo, alikuja kutuonyesha picha za bibi yake kwenye simu. Akawa anazipitisha kwa kidole, na katika kupitisha akatuomba radhi kwamba baadhi amezirekebisha, yaani amemfuta bibi makunyanzi na kumlainisha mashavu. Wenzangu wakaguna. Mimi sikuguna, maana sina uso wa kumlaumu mtu anayerekebisha sura. Nilipokuwa na miaka ishirini nilirekebisha yangu kwa kisu, kwa hiari yangu mwenyewe, na mwaka uliofuata niliishi na uso wa pande mbili zisizosikilizana. Bi Mwanaisha, niliyepanga nyumbani kwake, aliniona kila siku ya mwaka ule. Sasa hayupo tena kunisahihisha, basi nitausimulia ninavyoukumbuka mimi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, soko jipya la Kariakoo likiwa bado linanuka saruji. Nilikuwa na uvimbe kwenye shavu la kushoto, mbele kidogo ya sikio, wenye ukubwa wa ndimu. Haukuuma, haukuwasha, haukunizuia kula wala kulala. Watoto wa Mtaa wa Narung'ombe waliniita Mwalimu Ndimu, na watu wazima walionistahi waliongea na shavu langu huku wakidhani wanaongea na mimi. Nimewasikia watu wakisimulia mambo ya namna hii na kutafuta sababu ya heshima: ulikuwa unakua, daktari aliogopa, ndugu walishauri. Mimi sina sababu ya heshima. Hakuna mwanamume aliyenidai niukate wala mchumba aliyenikimbia. Nilitaka kuwa mzuri, basi. Daktari alinieleza wazi kwamba kivimbe kile hakina hatari, na kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita papo hapo kilipojilaza. Akikitoa, mshipa unaweza kushtuka ukalala miezi kadhaa, pengine mwaka, na mara chache hauamki kabisa. Akaniangalia juu ya miwani akaniuliza kama nimemwelewa. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu. Nimetoa majibu mengi ya kijinga maishani lakini lile sijapata kulishinda.

Bandeji ilipofunguliwa nesi alinipa kioo kidogo cha mkononi. Ndimu haikuwepo. Palikuwa na mshono mwembamba kuzunguka sikio, na shavu lililovimba lakini lililonyooka, shavu la mtu kama watu wengine. Nikatabasamu kwa furaha. Upande wa kulia ukatabasamu, wa kushoto ukabaki vile vile, kama haukupewa habari. Nikajaribu tena, mdomo wote ukavutwa kulia. Nikafumba macho nisione, na hata hapo nikaona, kwa sababu jicho la kushoto halikufumba. Nesi akanishika bega akaniambia nisilie, nitavuta mshono. Akanipa masharti: nilikande shavu kwa mafuta asubuhi na jioni, nivimbishe mashavu kwa pumzi mbele ya kioo, nilale jicho likiwa limefungwa kitambaa. Na nisubiri. Niliuliza nisubiri mpaka lini, akasema mpaka uso wenyewe uamue.

Nilikuwa nimepanga chumba cha mwisho kwenye nyumba ya Bi Mwanaisha, kile kinachotazama uani. Mlango wake haukufika chini, na chini ya mlango jua liliingia na maneno ya watu yakaingia. Nilijifungia humo wiki mbili. Kulikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye vitabu vya kisomo, na kioo nilichokinunua kwa ajili ya uzuri wangu mpya, ambacho sasa nilikitumia kuvimbisha mashavu ambayo hayakuvimba. Pumzi ilitokea kwenye pembe ya mdomo na kuishia hapo. Siku moja asubuhi nikiwa katika kazi hiyo nikasikia wanawake wawili wakichambua mchele nje. Mmoja alikuwa Mama Fikiri, mpangaji wa chumba cha pili.

"Kapigwa upepo huyo," alisema Mama Fikiri. "Mtu kabla hajaenda kwenye kisu anasomewa dua. Yeye kabeba kikapu chake kaenda peke yake kama anaenda kununua nyanya."

"Upepo wa wapi?" Bi Mwanaisha akamjibu. "Daktari kasema mshipa umelala. Kulala si kufa."

"Haya. Na usipoamka?"

"Usipoamka si uso wake? Wewe umeombwa umsaidie kuubeba?"

Mchele ukarushwa kwenye ungo. Halafu Bi Mwanaisha akashusha sauti, lakini si vya kutosha. "Ila kusema kweli, mwenzangu, ile ndimu ilikuwa afadhali."

Nililia kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa linatoka machozi lenyewe kutwa nzima, kuwe na msiba au harusi. Nikiulizwa leo ni neno gani liliniuma kuliko yote mwaka ule nitasema lile, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa upande wangu. Jioni hiyo hiyo mwanamke huyo huyo alikuja kugonga mlango akanitoa nje kwa nguvu. Nyumba ile ilikuwa na desturi ya wanawake kula sinia moja uani, na mimi nilikuwa nakula peke yangu chumbani kwa kijiko, nikiutazama ukuta, kwa sababu chakula kilinidondoka upande wa kushoto bila mimi kujua. Kulikuwa na ugali wa unga wa njano na samaki changu wa nazi. Bi Mwanaisha akaniketisha, kisha akahama mahali pake alipopakalia miaka yote, akaja kukaa kushoto kwangu ili awe yeye tu wa kuuona upande ule. Akawa ananitolea miiba na kuniwekea minofu mbele yangu. Kikidondoka kitu alikifuta kwa pembe ya kanga yake huku anaendelea kumsema muuza mkaa. Hakuniomba msamaha wa maneno ya asubuhi wala hakujua kama niliyasikia. Nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Basi nikaanza kutoka. Sokoni nilipata tatizo ambalo daktari hakulitaja. Kila nikipepesa macho lilifumba la kulia peke yake, na mwanamke kijana anayefumba jicho moja mbele ya muuza samaki wa Kariakoo anaeleweka vingine. Yule bwana aliniongezea vibua wawili. Kesho yake akaniongezea watatu na kuniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Masasi. Akasema anawapenda sana watu wa kusini. Nilipomweleza kwamba simkonyezi, ni ugonjwa, alikunja uso akawarudisha vibua wote kwenye fungu. Nilimsimulia Bi Mwanaisha, akacheka mpaka akashika mlango, na mimi nikacheka na nusu yangu. Yeye alisema ningenyamaza mpaka mwisho wa mwezi.

Kilichonitisha hasa kilikuwa kazi. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na sikujua wala sikutaka kujua kazi nyingine. Darasa langu lilikuwa mtaa wa Gerezani, kwenye banda la kulazia mikokoteni, saa kumi alasiri wakati soko limepoa. Ubao wetu ulikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, imeegemezwa kwenye gurudumu. Masika yalipokwisha nikapewa darasa la watu wapya kumi na tisa: hamali wa sokoni, wauza maandazi, wanawake wawili kutoka bonde la Jangwani ambao mvua iliwatoa majumbani, na Bi Mwanaisha, ambaye nilimbembeleza mwaka mzima. Tulifundisha kwa mdomo. Mwalimu anatamka silabi, darasa linamtazama mdomo, kisha linaitikia kwa pamoja. Sasa mtamkie mtu mzima ba, ma na pa kwa midomo isiyokutana. Ilitoka hewa. Wiki ya kwanza nilifundisha nimejifunika mdomo kwa ushungi wa kanga, nikajidanganya kwamba hakuna anayegundua.

Bi Mwanaisha ndiye aliyesimama. "Mwalimu," alisema, maana darasani aliniita Mwalimu na nyumbani mwanangu, "sisi ubao hatuujui bado. Tunachokisoma ni mdomo wako. Ukiufunika, umetufungia kitabu."

Hamali mmoja mtu mzima, Mzee Chande, akaitikia kutoka nyuma, "Kweli, Mwalimu. Fungua tu." Mzee huyu alikuwa na umri wa baba yangu na aling'ang'ania kuniamkia shikamoo kwa sababu ya chaki niliyoishika. Mimi nilikuwa naona haya kuitikia, kwa hiyo kila siku tulianza kwa kuamkiana wote wawili kwa pamoja.

Nikaushusha ushungi. Nikachukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, nikaviweka chini ya shavu la kushoto na kulisukuma juu mpaka midomo ikakutana. "Ba," nikasema. Ilitoka ba. "Ba!" darasa likaitikia, hata njiwa wa darini wakaruka. Tangu siku hiyo nilifundisha hivyo, chaki mkono wa kulia, shavu mkono wa kushoto, na nikaona nimeupatia ufumbuzi ugonjwa wangu.

Baada ya wiki chache, nikigeuka kutoka ubaoni, nikamwona Mzee Chande ameweka vidole viwili shavuni. Jirani yake pia. Nilihisi damu yote inanipanda kichwani. Niliamini wananiigiza, wananicheka, watu niliowaachia aibu yangu waione. Sikuwauliza. Nilimaliza kipindi nikaenda nyumbani nikalia tena, na kesho yake nikaamua kutowatazama nyuso wanapoitikia. Niliwafundisha miezi minne nikitazama juu ya vichwa vyao. Nikiwa mtu mzima nimewaza sana juu ya jambo hili. Niliwadhania ubaya watu waliokuwa wananiheshimu kupita kiasi, na neno moja tu la kuwauliza lingetosha. Lakini aibu haiulizi kitu, inajijibu yenyewe.

Katikati ya miezi hiyo alikuja Bwana Kilindo, mratibu wa kisomo wa kata yetu, amevaa kaunda suti na kubeba faili. Alisikiliza kidogo, akaniita pembeni. Alikuwa ameshapata habari kwamba uso wangu haukuharibiwa na ajali wala maradhi bali na urembo, na hilo lilimchoma kuliko mdomo wenyewe.

"Taifa zima linapambana na adui ujinga," aliniambia, "wewe unapambana na shavu."

Akasema ananiachia mpaka siku ya mtihani. Watu wangu wakisoma, nitabaki. Wasiposoma, darasa litapewa mwalimu mwenye mdomo. Usiku ule nilikigeuza kioo kikatazama ukutani. Miezi mitano ilikuwa imepita na sikuwa tayari kuona tena kitu ambacho hakibadiliki. Sikuvimbisha mashavu tena. Ni kweli kwamba baadaye jicho lilianza kufumba nusu, na chai ikaacha kunidondoka kifuani, na Bi Mwanaisha aliniambia zaidi ya mara moja kwamba naanza kurudi. Nilimjibu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mdomo sikuujaribu. Vidole vilifanya kazi, nikavishikilia.

Siku ya mtihani walikuja wamevaa kama wanakwenda Idi. Mzee Chande alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na harufu ya karafuu. Bwana Kilindo alikaa kwenye kigoda, mkokoteni ukawa meza yake, akafungua faili na kuweka juu karatasi zake. Mtihani wa kuandika walifanya kimya, jasho likiwatoka. Kisha ukaja wa kusoma kwa sauti. Akamwita Mzee Chande kwanza. Mzee akashika kitabu mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akaweka vidole viwili chini ya shavu, akasukuma.

"Ma-ma na ba-ba wa-me-pa-nda pa-mba," akasoma, mdomo umevutwa upande.

Nyuma yake watu kumi na wanane walikuwa wanafuata kimoyomoyo, na wote kumi na wanane wamejishika mashavu. Hata Bi Mwanaisha. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne niliwatazama nyuso, na hakukuwa na mzaha hata kwenye uso mmoja. Walikuwa wametoa macho kwenye ukurasa kama watu wanaovuka barabara.

"Hiki ni kitu gani?" Bwana Kilindo akauliza.

"Kusoma, bwana," Mzee Chande akamjibu.

"Hivyo vidole!"

"Si ndiyo inavyosomwa? Ba, ma na pa zina vidole. Ka na ta hazina." Akanigeukia anitetee. "Mwalimu ndivyo alivyotufundisha tangu mwanzo."

"Na wewe mama?" Bwana Kilindo akamwuliza Bi Mwanaisha. "Wewe si unaishi naye?"

"Mimi najua ni maradhi," Bi Mwanaisha akasema bila kushusha mkono. "Lakini niliona wote wanafanya. Nikasema nisije nikafeli peke yangu."

Bwana Kilindo hakucheka. Akamwamuru Mzee Chande ashushe mkono asome. Mzee akaushusha. Akautazama ukurasa, akafungua mdomo, akaufunga. Mkono ukapanda nusu, ukaamriwa kushuka. "Bila vidole siwezi," akasema polepole, na nilimwona mtu aliyebeba magunia miaka thelathini akishindwa na ukurasa mmoja. Bwana Kilindo akatikisa kichwa. Akatoa karatasi moja kwenye faili, imeshapigwa taipu na kugongwa muhuri, akaiweka kwenye mkokoteni. Ilikuwa tayari kabla hajafika. Akaniambia nitafute kalamu nitie sahihi kwamba nimeipokea.

Sikutafuta kalamu. Nilikasirika, na namshukuru Mungu kwa hasira ile. Nilikwenda mbele ya Mzee Chande nikasimama karibu, uso kwa uso. "Mzee wangu," nikamwambia, "vidole ni vya ugonjwa wangu, si vya herufi. Wewe mdomo wako mzima. Nitazame." Nikaushusha mkono. Wala sikuwa na tumaini. Nilitaka aone hewa ikitoka tu, ajue kosa ni langu na si lake. Nikavuta pumzi nikasema, "Ba."

Ikatoka ba.

Midomo ilikutana yenyewe. Upande wa kushoto ulichelewa kidogo, ulikuja kivivu, lakini ulikuja. Nikasema ma. Nikasema pa. Nikasema pamba, nikasema mpumbavu, nikasema bibi na babu na mapambano, kila neno lililonijia, na nadhani nilikuwa napiga kelele. Bi Mwanaisha akapiga kigelegele kimoja kirefu katikati ya mtihani wa serikali. Wenzake wakadakia, na banda lote likawa la harusi. Nilijishika shavu, safari hii si kwa kulisukuma. Lilikuwa linatikisika chini ya kiganja changu, hai.

"Kimya!" Bwana Kilindo akasema, na walipotulia: "Mzee, soma sasa."

Mzee Chande akasoma ukurasa wote, mikono chini. Ukurasa wa pili pia.

"Hicho wamekikariri," Bwana Kilindo akasema. "Kitabu hicho hicho miezi yote, hata kasuku angekisoma."

"Basi tupe kingine," Bi Mwanaisha akamwambia. "Chochote."

Mzee Chande hakungoja kupewa. Karatasi iliyokuwa karibu naye ilikuwa ile ya kwenye mkokoteni. Akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaanza kwa sauti ya kazini kwake, ile ya kuwaambia watu wapishe. "Mwa-li-mu A-na-sta-zi-a." Akaniangalia, akaniinamishia kichwa kwa adabu, akaendelea. "A-na-o-ndo-le-wa da-ra-sa la Ge-re-za-ni ku-a-nzi-a Ju-ma-ta-tu." Akashusha kidole mstari wa chini. "Sa-ba-bu. Ku-to-ka-na na ka-so-ro ya m-do-mo, ha-we-zi ku-fu-ndi-sha wa-tu ku-so-ma." Akafika mwisho. Akarudia sentensi ile ya mwisho, mara hii kwa mkupuo mmoja, bila kukatakata, na akainua kichwa. "Bwana mratibu," akauliza, na naapa aliuliza kwa dhati, "hii barua ni kweli?"

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha Bi Mwanaisha akajifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika, halafu wale wanawake wa Jangwani, halafu wote. Bwana Kilindo alinyoosha mkono akapewa barua yake. Akaisoma mwenyewe, kana kwamba huenda imeandikwa vingine. Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni, si kwenye faili.

"Kesho mna kipindi?" akaniuliza.

"Tunacho."

"Saa ngapi?"

Nilipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo nikaishikanisha huko, nikamtazama usoni.

"Saa kumi kamili," nikasema.